Mama Mwenye Mimba ya Mtoto wa Mgongo Wazi: Tumweleze Nini?

Wakunga na wauguzi wenzangu, mama akitoka kupigwa utrasaundi ya wiki 18 hadi 22 na picha imeonyesha mgongo wazi, tafadhali asipewe majibu kwenye benchi la foleni. Mtafutie chumba, mketishe, muulize kama anataka aliyemsindikiza aingie naye.

Swali lake la kwanza ni "Nimekosa nini?" Mjibu hilo kwanza, maana asipojibiwa hasikii mengine. Mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, wakati wengi hawajajua kama ni wajawazito. Usipojifunga wote, mgongo hubaki wazi. Hakulogwa, wala si laana. Akiridhia, mume ayasikie kutoka kwako, kabla mtaa haujamweleza yake.

Kisha someni ripoti pamoja: uwazi uko pingili gani, kichwani kuna maji? Kadiri uwazi unavyokuwa juu ndivyo miguu inavyodhoofika zaidi. Lakini miguu ikicheza kwenye picha, usiahidi kwamba mtoto atatembea. Kucheza tumboni hakutoshi kujua. Mkojo na choo usiviruke kwa kuona haya. Watoto wengi watahitaji kutolewa mkojo kwa mpira kila saa 3 hadi 4, kazi ambayo mama hufundishwa na kuiweza. Mkojo ukibaki ndani, figo huharibika kimyakimya.

Sasa mahali pa kujifungulia. Dar es Salaam tuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inayowafanyia upasuaji watoto hawa, kwa hiyo rufaa iandikwe mapema. Mama wa Kigamboni asisubiri uchungu ndipo atafute usafiri. Mgongo unatakiwa ufungwe ndani ya saa 48 hadi 72 tangu mtoto azaliwe. Ukichelewa, vijidudu hupanda hadi kwenye ubongo. Upasuaji wa kujifungua si lazima kwa kila mmoja. Daktari ataamua, hasa kichwa kikiwa kikubwa.

Akijifungulia kwako ghafla, vaa glovu zisizo za mpira wa asili, mlaze mtoto kifudifudi au ubavu. Lowesha gozi safi kwa maji ya chumvi ya dripu yenye uvuguvugu, funika uwazi bila kukandamiza, juu yake weka nailoni safi. Gozi kavu hunata, na ukiibandua unachuna neva. Spiriti na ayodini zisiguse hapo kabisa. Mfunike apate joto, na kinyesi kisifike mgongoni.

Kuhusu mimba ijayo, kidonge cha kawaida cha kliniki kina foliki asidi miligramu 0.4 pamoja na madini chuma. Mama huyu anahitaji miligramu 4 hadi 5, kwa kidonge cha foliki peke yake, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki 12. Usimwambie ameze vile vya kliniki kumi kwa siku: chuma kitamdhuru. Na kama anatumia valproate kwa kifafa, dawa inayoongeza hatari ya mgongo wazi, asiiache mwenyewe. Amwone daktari kabla hajashika mimba.