Asai Kabla Haijaingia Kwenye Bakuli

Habari za mchana. Nyie mliosimama mlangoni, sogeeni, viti vya mbele vipo.

Mwalimu wenu ameniomba nizungumzie siku ya bakuli la asai, yaani tunda dogo la Brazili linalosagwa likiwa limegandishwa na kuliwa bakulini. Ni mojawapo ya zile siku za vyakula ambazo Wamarekani wanazo tele. Si sikukuu za mapumziko. Nyingi huanzishwa na wafanyabiashara na watu wa matangazo. Siku ikifika, maduka yanapunguza bei na wateja wanapiga picha chakula chao kabla ya kukila. Sina ugomvi nazo. Lakini siku hii inasherehekea bakuli, nami nataka tuzungumzie tunda na wenyewe wanaolila.

Tazameni picha hii. Bado giza. Hapa ni Belém, mji mkuu wa jimbo la Pará, kaskazini mwa Brazili, jirani na mdomo wa mto Amazon. Zaidi ya asilimia 90 ya asai ya Brazili inatoka jimbo hili. Gulio la asai liko pembeni ya soko la Ver-o-Peso, chini ya ngome ya zamani ya Wareno. Boti zimetoka visiwani usiku, zikienda na maji kujaa na kupwa, na sasa makapu yanapangwa sakafuni. Mwangalieni huyu mnunuzi: ametia mkono hadi chini ya kapu, ahakikishe matunda ya chini ni sawa na ya juu. Biashara lazima iishe mapema, kwa sababu asai ikishaanguliwa haikai; ndani ya siku moja au mbili imeanza kuchacha. Hilo la kuharibika upesi likumbukeni, maana mengine yote yanatokana nalo.

Mti wake ni jamii ya mnazi, ila mwembamba sana, unaota kwa mashina mengi pamoja kwenye ardhi ya majimaji. Mkwezi anavaa kitanzi miguuni, kilichosukwa kwa majani au kilichotengenezwa kwa gunia, anabana shina na kupanda. Juu anakata kichala kwa kisu na kushuka nacho mkononi, kwa sababu akikiangusha matunda yanatawanyika. Hodari zaidi hawateremki. Wanainamisha shina na kuhamia la jirani. Shina jembamba linataka mtu mwepesi, na hapo ndipo watoto wanapoingizwa kwenye kazi hii ya hatari. Kwenye matangazo ya bakuli sijawaona.

Tunda lenyewe ni kama sentimita moja, na sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 80 ya uzito, ni kokwa. Unachokula ni ganda na utando wa nyama juu yake. Matunda yanalowekwa kwenye maji ya vuguvugu yalainike, kisha yanatiwa kwenye mashine ya chuma yenye mapanga yanayozunguka, maji yanaongezwa kidogo kidogo, na chini unatoka uji mzito wa zambarau iliyokolea. Maji yakiwa machache ni asai nzito, ya bei; yakizidi ni nyepesi, ya mwenye kipato kidogo. Mwenye duka anatundika bendera nyekundu nje, mtaa mzima unajua leo ipo.

Inaliwaje? Pamoja na samaki wa kukaanga, kamba wakavu au nyama kavu, na unga wa muhogo uliokaangwa juu yake. Wengi hawatii sukari kabisa. Muhogo huo ndio huu wetu. Wareno waliuleta Afrika kutoka Brazili karne ya 16. Mtu wa Belém anakula asai mchana ili ashibe.

Sasa bakuli limetoka wapi? Kwa kuwa tunda haliwezi kusafiri bichi, lilisafiri limegandishwa. Kule Rio de Janeiro lilipata wapenzi miongoni mwa wanamichezo. Carlos Gracie, mwasisi wa jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo wa kupigana kwa kukabana, alikuwa mzaliwa wa Belém, na ukoo wake ulilisifia sana. Miaka ya 1980 na 1990 vijana wa mazoezi na wa kuteleza juu ya mawimbi walilisaga likiwa barafu, wakachanganya na sharubati ya guarana, tunda jingine la Amazon, wakapanga juu ndizi na granola, yaani nafaka zilizookwa kwa kitu kitamu. Mwaka 2000 kampuni ya Sambazon ikaanzishwa, ikaanza kuliingiza Marekani.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hapa walilitia sukari. Asai yenyewe ina sukari kidogo mno na mafuta mengi, ya aina inayofanana na ya zeituni. Utamu wa bakuli ni wa sharubati, asali na granola. Halafu wakaja wauzaji wa vidonge vya asai vya kupunguza unene, hadi tume ya biashara ya Marekani ikawapeleka baadhi yao mahakamani kwa udanganyifu. Asai ni chakula kizuri, lakini haimkondeshi mtu.

Mwaka 2025 Belém iliandaa mkutano wa tabianchi wa COP30. Mwezi Agosti, masharti ya zabuni ya chakula yalipotoka, asai ilikuwa imepigwa marufuku! Hoja ilikuwa ugonjwa wa Chagas, unaoenezwa na mdudu mfyonza damu wa jamii ya kunguni, ambaye anaweza kusagwa pamoja na matunda. Hatari hiyo ni ya kweli, lakini kinga yake inajulikana Pará: matunda yanachovywa kwenye maji ya nyuzi 80 kwa sekunde 10, kisha yanapozwa. Wenyeji walikuja juu, na marufuku ikaondolewa. Kwangu mimi waliudhika kwa haki. Huwezi kumwalika mtu nyumbani kwake halafu ukamkataza chakula chake.

Kuna swali pale nyuma? Ndiyo, dada. Anauliza kama zambarau zetu, yale matunda, zinaweza kushika nafasi ya asai. Rangi utaipata, uzito hutaupata, kwa sababu zambarau hazina mafuta. Saga zambarau zilizogandishwa pamoja na nusu parachichi, onja kwanza, ndipo uamue kama inahitaji asali.