Shule ya Biashara Inapopimwa, Mwanafunzi Yuko Wapi?

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Naomba tuanze na hesabu ndogo. Chukueni shule tatu za biashara. A ina wahadhiri 20. Kwa mwaka inatoa wahitimu 200 na makala 10 za utafiti. B ina wahadhiri 40, wahitimu 320, makala 60. C ina wahadhiri 30, wahitimu 240, makala 30.

Tukihesabu wahitimu peke yao, A inaongoza kwa wahitimu 10 kwa kila mhadhiri. B na C zina 8, kwa hiyo alama yao ya ufanisi ni 0.8, yaani 8 kwa 10 za A; anayeongoza hupata 1. Sasa tuingize makala. B inapanda hadi 1, maana kwa makala hakuna anayeifikia. C inapanda hadi takriban 0.91: ukichanganya mwenendo wa A na wa B, unaona kwamba wahadhiri wale wale 30 wangeweza kufikisha wahitimu 264 badala ya 240, na makala 33 badala ya 30. Hapo hakuna aliyeajiriwa wala darasa lililojengwa. Tumeongeza safu moja tu kwenye jedwali!

Mbinu hii huitwa DEA (Data Envelopment Analysis), njia ya kulinganisha ufanisi wa taasisi kwa kutazama vinavyoingia na vinavyotoka. Watafiti Charnes, Cooper na Rhodes waliiasisi mwaka 1978 juu ya msingi aliouweka mwanauchumi Farrell mwaka 1957. Katika kujumlisha vipimo, kila shule hupewa uzito, yaani kiwango cha umuhimu wa kila kipimo, unaoipendelea yenyewe, kisha hupimwa dhidi ya zile zinazofanya vizuri zaidi. Naupenda uungwana huo. Ila shule zikiwa chache na vipimo vingi, karibu zote hupata 1, na hapo kipimo hakitenganishi tena mchapakazi na mzembe.

Linaloniuma hasa ni jambo jingine. Kazi ya awali ya mbinu hii ilihusu Follow Through, mpango wa Marekani wa kuwasaidia watoto wa familia maskini shuleni. Miongoni mwa vitu vinavyoingia, watafiti waliweka kiwango cha elimu ya mama wa mtoto. Kwenye matokeo, pamoja na kusoma na hesabu, waliweka jinsi mtoto anavyojithamini. Mtoto alikuwa ndani ya hesabu, na alikotoka pia.

Tulipofika kwenye shule za biashara, mara nyingi tumechukua fomula tukamwacha mwanafunzi mlangoni. Tunahesabu wahadhiri, bajeti, wahitimu na mishahara yao. Kijana aliyeingia na kazi nzuri, akatoka na mshahara mnono, anahesabiwa kuwa ushindi wa shule. Aliyeingia akisuasua kwenye takwimu, akatoka akiweza kusoma mizania ya kampuni na kugundua deni lililofichwa, haonekani popote, ingawa kwake ndiko shule ilikofanya kazi kubwa zaidi. Tuwekeni alama za kujiunga na kipato cha kabla ya masomo upande wa vinavyoingia. Takwimu hizo zipo kwenye majalada ya udahili, na msimamo wa shule nyingi utabadilika.

Na mkuu wa shule C akiniuliza aifanyie nini ile 0.91, nitamsihi asikimbilie kuongeza wahitimu 24. Aende kwanza shule A, akae nyuma ya darasa, kisha aombe kuona daftari moja la mwanafunzi, atazame kama kuna mtu aliyelisahihisha.