Upinde wa Mwanzi na Mwaka Mpya wa Walepcha

Mabibi na mabwana, nitaanza na mvua. Bila kuijua mvua hatutaelewa kwa nini Walepcha hushindana kwa pinde mwezi Desemba na si Julai.

Walepcha, ambao wenyewe hujiita Rong, ni wenyeji wa Himalaya ya mashariki: Sikkim, Darjeeling na Kalimpong nchini India, Ilam nchini Nepali, na Samtse nchini Bhutani. Ukitaka kuwaona katika eneo lao hasa, nenda Dzongu, kaskazini mwa Sikkim, ardhi iliyotengwa kwa ajili yao. Mgeni haingii bila kibali. Mlima Kangchenjunga, mita 8,586, wanauheshimu kama mlinzi wao. Kuanzia Juni hadi Septemba huko mvua haina mchezo. Mwanzi hufyonza unyevu, unakuwa mlegevu, na upinde ukivutwa katika hali hiyo hubaki umepinda hata ukivuliwa upote. Nguvu yake imekwisha.

Namsoong, mwaka mpya wao, huangukia Desemba au Januari. Mavuno yako ghalani, mashamba ya ngazi yako wazi, hewa ni kavu. Masimulizi yanasema siku hizo ni kumbukumbu ya kushindwa kwa jitu ovu liitwalo Laso Mung Pano. Sina ugomvi na masimulizi. Ila kwa maoni yangu, hata pasingekuwa na jitu, fundi wa pinde angechagua majira hayo hayo.

Sasa upinde wenyewe, ambao kwa Kilepcha ni sali. Hukatwa mwanzi wa umri wa miaka 3 au 4. Ulio mchanga zaidi hunywea na kujikunja ukikauka, uliozeeka hupasuka. Ukatwe wakati wa baridi, kwa kuwa miezi hiyo wanga ndani yake ni kidogo, na wanga ndio unaoita wadudu watobozi. Ukipuuza hili, baada ya miezi michache utaona unga mweupe chini ya upinde wako, na huo ndio mwisho wake. Baada ya kupasuliwa, vipande hukaushwa kivulini au juu ya jiko la kuni, moshi uvipitie. Jua kali huvipasua. Kwa hiyo upinde mzuri wa Desemba hii ni mwanzi uliokatwa baridi iliyopita.

Katika kuchonga, kosa kubwa ni moja: kugusa ganda. Nyuzi zenye nguvu zimesongamana karibu na ganda la nje, kwa hiyo upande huo ndio mgongo wa upinde, unaoelekea shabaha. Kisu hufanya kazi upande wa ndani peke yake, kikipunguza kidogo kidogo kutoka katikati kuelekea ncha. Kwenye vifundo acha unene zaidi. Kila baada ya mikwaruzo michache, upinde hupindwa na kutazamwa: mkono mmoja wa upinde ukipinda kuliko mwingine, punguza ule mgumu, usiuguse ule mlegevu. Wengi huharibu upinde hapa kwa haraka, kwa sababu ulichokwisha kukwangua hakirudi.

Mshale, chong, hutaka uvumilivu kuliko upinde. Mwanzi mwembamba hupitishwa juu ya makaa na kunyooshwa kwa mkono ukiwa bado moto, tena na tena. Kisha mishale ilinganishwe uzito. Hesabu ni hii: mshale unaotoka kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde, hadi kufika mita 40 mvutano wa dunia umeushusha karibu mita 4. Mwenzake mzito kidogo, akienda kwa mita 44, atapiga chini zaidi kwa karibu sentimita 18. Mpigaji atailaumu mikono yake kumbe mishale haifanani.

Zamani mishale hii ilikuwa ya mawindo. Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea kutoka Uingereza aliyezunguka Sikkim mwaka 1848 na 1849, aliwaona Walepcha wakibeba pinde na mishale ya sumu. Sumu hiyo ilitoka kwenye mizizi ya akoniti, mmea wa milimani unaovuruga mapigo ya moyo. Sheria ya India ya mwaka 1972 ya kulinda wanyamapori iliubana uwindaji, na ustadi ukabaki kwenye uwanja wa mashindano.

Kuhusu uwanja: nyuma ya shabaha pawe na kilima au ukingo wa udongo, na asiwepo mtu. Mashindano yaanze asubuhi. Kadiri jua linavyopasha miteremko, upepo hupanda bonde, na mshale wenye manyoya mapana husukumwa pembeni. Tusichanganye pia na Bhutani, ambako shabaha huwekwa mita 145; hapo ni mchezo mwingine na pinde nyingine.

Bado chi, pombe ya ulezi. Ndiyo, ulezi huu huu wetu, uliolimwa kwanza katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na kufika Bara Hindi zamani sana. Huchemshwa, hutandazwa upoe, hunyunyiziwa chachu iliyosagwa, hufunikwa kwenye kapu siku moja au mbili, kisha hufungiwa chomboni. Chachu ikitiwa ulezi ukiwa bado moto, hufa. Na kwa kuwa ni majira ya baridi, uchachu huchelewa, hivyo mama wa nyumba huanza mapema kabla ya sikukuu. Siku ya kunywa, ulezi hujazwa kwenye chombo cha mwanzi, maji ya moto humiminwa juu, husubiriwa kama dakika 10, kisha hufyonzwa kwa mrija mwembamba wenye matundu madogo karibu na ncha ya chini yanayozuia punje. Kabla ya hapo bongthing, kuhani wao, hutoa sadaka ya chi kwa miungu. Maji huongezwa mara kadhaa hadi ladha iishe, na mwenye akili hungoja mpaka mishale irudi kwenye podo.