Wito Unadai Sabuni
Mhadhara kwa wauguzi na wanafunzi wa uuguzi, Mtwara

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu shikamooni. Na ninyi wanangu mnaosomea kazi hii, hamjambo?

Nimeombwa niseme juu ya roho na kazi ya uuguzi. Nitaanza na neno tunaloambiwa kila 12 Mei mishumaa ikiwashwa: wito. Siku hiyo tunakula kiapo kinachobeba jina la Florence Nightingale, Mwingereza aliyeanzisha uuguzi wa kisasa. Mwenyewe hakukiandika. Kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na muuguzi Lystra Gretter. Nightingale aliamini tangu ana miaka 16 kwamba Mungu amemwita. Lakini alipofika hospitali ya jeshi ya Scutari, Uturuki, mwaka 1854, wakati wa vita vya Krimea, akakuta askari wengi wanakufa kwa maradhi kuliko majeraha, hakuishia kwenye sala. Alidai mashuka, sabuni na chakula cha kuliwa na mgonjwa. Aliandika hesabu za vifo na kuzipeleka kwa wakubwa wa serikali. Wito wake ulidai sabuni.

Ninalikazia hili kwa sababu nimewasikia viongozi wakimjibu muuguzi anayeulizia glavu au posho ya zamu: "Sista, kazi hii ni wito." Inaniuma kila nikisikia. Ni kumfunga mtu mdomo kwa jina la Mungu.

Basi roho kazini ni nini? Mwaka 2000 watafiti wawili wa Marekani, Ashmos na Duchon, waliieleza kwa mambo matatu: mtu ana maisha ya ndani, anataka kazi yenye maana, na anataka kuwa miongoni mwa watu. Hawakusema lazima muwe wa dini moja. Sisi huku Mtwara hilo tunaliishi: Krismasi Mwislamu anamshikia zamu mwenzake Mkristo, Idi mwenzake naye anamshikia yeye.

Upande wa kujitoa kazini, watafiti Meyer na Allen waliandika mwaka 1991 kwamba kuna anayebaki kwa kuwa anapapenda, anayebaki kwa kuogopa atakachopoteza akiondoka, na anayebaki kwa kuwa anajiona ana deni. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote matatu, kila moja kwa kiasi chake. Kwenye daftari la mahudhurio saini zao hazitofautiani. Saa tisa usiku, mgonjwa akiita mara ya nne, ndipo utawajua.

Niwasimulie usiku mmoja. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, leba, masika, mvua inapiga bati hatusikilizani. Mtoto alitoka hakulia. Tulibana ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, tukabana, mpaka daktari akaniwekea mkono begani. Nikamfunika mtoto kwa kanga ya mama yake, nikajaza fomu. Asubuhi wakati wa kupokezana zamu nikasoma ripoti kama ninayesoma orodha ya vifaa. Swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa, "Partografu mbona ina nafasi wazi?" Partografu ndiyo chati ya kufuatilia uchungu wa mama, kwa hiyo ni swali la haki kabisa. Lakini likawa ndilo la kwanza na la mwisho. Nilirudi nyumbani, na wiki ile nikaandika barua ya kuomba uhamisho.

Barua sikuipeleka. Sababu ni mhudumu wa wodi, mama wa Kimakonde, hakuwahi kusoma chuo. Zamu iliyofuata alinikuta stoo nimeegemea kabati la madripu. Akaweka chini ndoo yake, akanimiminia uji kutoka chupa ya chai, akasema, "Mwanangu, yule mtoto ulimshika vizuri. Mama yake alikuona." Akachukua ndoo yake akaendelea kudeki.

Nimeyasoma maandiko ya wataalamu nikiwa mtu mzima, na yote matatu ya Ashmos na Duchon nimeyakuta katika kikombe kile. Aliona kwamba ninaumia. Aliniambia kazi yangu ilikuwa na maana hata mtoto alipokufa. Na hakuniacha peke yangu.

Kwa hiyo ninyi masista inchaji mnaonisikiliza, nina ombi. Wodi ikipoteza mtu usiku, ulizeni habari za partografu, ni lazima, maisha ya mama mwingine yanategemea jibu. Ila kabla ya hapo muulizeni muuguzi aliyekuwa zamu, "Wewe umeamkaje? Umekula?" Mwacheni aseme dakika tano, aliyemshika maiti asipite moja kwa moja kwenda kituo cha basi. Na glavu zikiisha, barua ya kuziomba isainiwe na ninyi, msimwachie kijana mgeni akaonekane mkorofi.

Sasa nipokee maswali. Wenye zamu ya mchana waanze wao, wasije wakachelewa kupokea ripoti.