Maziwa yana dawa au hayana? Kipimo cha tyubu, hatua kwa hatua (tuko Mtwara)

Karibuni tena wadau wa maziwa, na wakubwa zetu shikamooni. Leo tunapima mabaki ya dawa za mifugo kwenye maziwa. Tuko Mtwara mjini, chumba kidogo, joto lake mnalijua. Hapa mezani kuna sampuli za madumu manne yaliyoingia asubuhi kwa bodaboda kutoka upande wa Naliendele. Mwenye mtindi analalamika: kachemsha, kapooza, katia mbegu, na mtindi umekataa kuganda. Usikimbilie kuilaumu mbegu. Bakteria wanaogandisha mtindi hufa kwa penisilini ile ile aliyochomwa ng'ombe, na kuchemsha hakuiondoi penisilini.

Kifaa chetu ni hiki kityubu. Nasogeza kamera. Chini kuna jeli ya zambarau. Ndani ya jeli kuna chakula, kuna rangi inayobadilika ikikutana na asidi, na kuna spora, yaani vimbegu vilivyolala, za bakteria anayeitwa Geobacillus stearothermophilus. Huyu anapenda joto kali. Ukimweka kwenye nyuzi 64 anaamka, anakula sukari, anatoa asidi, jeli inakuwa njano kama bibo lililoiva. Kukiwa na antibayotiki hakui, na jeli inabaki zambarau.

Kwa hiyo tyubu haiijui dawa. Inachojua ni kimoja tu: bakteria kakua au hakukua. Nani kamzuia, hilo utalitafuta wewe, na hapo ndipo kipimo hiki kinaponoga.

Tyubu hukaa kwenye friji, chumba cha chini, si kwenye friza. Ukiinua tyubu ukakuta jeli imesinyaa na kuachana na kitako, tupa. Joto letu hili, boksi likilala juu ya meza siku mbili tatu, umepoteza pesa. Sisi tunauza rejareja, kumi kumi, kwa sababu boksi la mia kwa kituo kidogo huisha muda kabla halijaisha. Tangazo limeisha, tuendelee.

Sampuli. Koroga dumu kwanza, kwa kikorogeo cha mpini mrefu, kutoka chini kwenda juu, mara kumi. Malai hupanda juu, na ukichota bila kukoroga umepima malai. Chota mililita 50, tia kwenye chupa safi, weka kwenye boksi la barafu, pima ndani ya saa 24. Andika namba kwenye chupa, usiandike kwenye kifuniko! Vifuniko hubadilishana. Na kila mfugaji chupa yake ndogo ibaki kwenye friji, hata kama maziwa yamechanganywa dumu moja. Mtakuja kuona kwa nini.

Chupa isiwe na harufu ya sabuni wala klorini. Sabuni huua bakteria wetu, klorini pia, na dawa ya kuhifadhi sampuli pia. Utapata zambarau safi kabisa, umsingizie mfugaji, kumbe chupa haikusuuzwa.

Maziwa yaliyochacha usipime. Yana asidi tayari, yatageuza rangi yenyewe hata kama bakteria kalala, na utasema hayana dawa. Kipimo cha spiriti mnakijua, unachanganya maziwa na spiriti: yakikatika, yarudi.

Sasa mashahidi. Kila mara unapopima, weka tyubu mbili za ziada. Ya kwanza ni shahidi msafi: maziwa unayoyajua hayana dawa. Maziwa ya unga yaliyokwisha kupimwa, ukiyakoroga kwa maji, yanafaa. Ya pili ni shahidi mwenye dawa. Kuna kiti, yaani boksi la kipimo lenye vifaa vyake, zinakuja naye. Kama yako haina, mtengeneze hivi.

Chukua kichupa cha penisilini ya kristali, uniti milioni 1, ambayo ni miligramu 600. Yeyusha yote kwenye maji mililita 100. Hiyo ni chupa A. Toa mililita 1 ya A, tia kwenye maji, jaza hadi lita 1. Chupa B. Toa mililita 0.1 ya B, tia kwenye maziwa masafi mililita 100. Hapo una mikrogramu 6 za penisilini kwa lita. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa penisilini kwenye maziwa ni mikrogramu 4 kwa kilo, kwa hiyo umekivuka kidogo tu, ndivyo tunavyotaka. Shahidi mwenye dawa nyingi hana maana, huyo hata tyubu mbovu itamkamata.

Kazi hii ifanye meza nyingine. Meza nyingine kabisa, glavu nyingine. Mililita 1 ya chupa A inatosha kuvusha kiwango kwenye maziwa lita 1,500. Piga hesabu mwenyewe: miligramu 6, gawa kwa mikrogramu 4. Tone la A likidondoka mahali unapopimia, leo utakuwa na madumu manne ya zambarau na ugomvi na wafugaji wote. Na wewe ambaye mwili wako haupatani na penisilini, mpe mwenzako afanye.

Tunatia maziwa. Kila tyubu mikrolita 100, yaani mililita 0.1. Toboa foili kwa ncha ya pipeti. Bonyeza pipeti hadi kituo cha kwanza, ncha ndani ya maziwa kidogo tu, achia polepole. Angalia ncha: hakuna kiputo cha hewa? Sawa. Ingiza ndani ya tyubu, karibu na jeli lakini usiichome, bonyeza hadi mwisho.

Hapa, jamani. Hapa. Maziwa yatue juu ya jeli. Tone likining'inia ukutani mwa tyubu, jeli haikupata maziwa, bakteria anakula chakula chake kwa raha zake, anageuka njano, na wewe unaandika "hayana dawa" kwa maziwa ambayo hayakupimwa. Mnaliona hili? Tyubu namba mbili, tone limekaa pembeni pale, linang'aa. Naigonga kitako mezani, taratibu... halishuki. Nagonga tena. Limeshuka. Lisingeshuka ningetupa tyubu nikachukua nyingine, wala usiongeze tone la pili juu, kwa sababu lile la kwanza likija kushuka baadaye una maziwa mara mbili.

Ncha mpya kila sampuli. Ncha mpya! Ncha haisuuzwi kwa maji ukaendelea nayo. Na shahidi mwenye dawa atiwe wa mwisho kabisa.

Inkubeta. Si ile ya kutotolesha vifaranga, ile inakaa 37 na nusu. Hii ina matundu, tumeiwasha tangu nusu saa iliyopita, kioo kinasoma 64. Ila kioo usikiamini peke yake. Chukua tyubu tupu, tia maji, chomeka kipimajoto chembamba, iweke kwenye tundu kama vile ni sampuli. Tunangoja itulie...

Ngoja. Inasoma 61 na nusu. Kioo kinasema 64, ndani ya tyubu ni 61 na nusu. Naihamishia upande wa pili. 63 na pointi tisa. Kwa hiyo upande huu umepoa. Kamera igeuke huku... Feni! Feni inapuliza mstari huu wa mwisho. Haya, feni tunazima, tutatoka jasho. Tunangoja dakika kumi. Kwa sampuli zetu hii si nyuzi mbili za kupuuza. Ubaridi unamchelewesha bakteria, tyubu za upande wa feni zitabaki zambarau wakati za upande huu ni njano, na mtu atasema ana dawa kwa sababu tu tundu lake lilikuwa karibu na feni.

Tumerudi. Pande zote mbili 64. Tyubu zote zinaingia pamoja, naandika saa: tatu na dakika ishirini asubuhi. Kwa kiti hii ni kama saa tatu. Nimesema kama. Tusikilizane vizuri kwenye hili: saa ya ukutani haitoi hukumu. Anayetoa hukumu ni shahidi msafi. Shahidi msafi akiwa njano yote, toa tyubu zote, soma. Ukitoa mapema, zambarau za uongo. Ukichelewesha, ukaenda kula ukarudi baada ya saa tano, hata zile zenye dawa kidogo zitakuwa zimeanza kugeuka, na hizo ndizo ulizokuwa unazitafuta. Umeme ukikatika katikati, usifungue kifuniko, funika mashine kwa taulo zito, ukirudi endelea kumtazama shahidi. Ukikaa sana mpaka mashine imepoa, anza upya na tyubu mpya.

Wakati tunangoja: wapo wanaouliza vile vijiti vya dakika kumi. Ni vizuri kwa mapokezi, gari likiwa linangoja mlangoni. Ila vinasomwa kinyume na vile vya mimba! Mstari wa sampuli ukififia au ukipotea, ndiyo dawa ipo. Ukikolea, maziwa yamepita. Na mstari wa kulinganishia usipotokea, kijiti kimekufa. Halafu kijiti kinakamata jamii zilizotajwa kwenye boksi tu. Mimi kwa kazi ya kila siku bado niko na tyubu.

Tyubu nayo ina upofu wake, msije mkadanganyika. Ni kali sana kwa jamii ya penisilini. Kwa streptomaisini ni nzito zaidi. Na huku kwetu kusini, Liwale, Nachingwea, kwenye mbung'o, ng'ombe wanachomwa dawa za nagana, na wote tunawapa dawa ya minyoo na kuwaogesha kwa dawa ya kupe. Hizo si antibayotiki, bakteria huyu hashughuliki nazo, tyubu itakuwa njano kama kawaida. Njano maana yake bakteria hakuzuiwa, si kwamba hakuna dawa yoyote. Hizo nyingine zinataka mashine ya kromatografia, inayotenganisha kemikali moja moja. Wakala wa Maabara ya Veterinari wana kituo hapa hapa Mtwara, waulize utaratibu wa sampuli za namna hiyo.

Haya, shahidi msafi amegeuka. Saa sita na dakika kumi na tano. Toa zote, panga juu ya karatasi nyeupe. Hiyo taa ya kijani ya simu izime, tusogee dirishani. Usisome juu kabisa ya jeli, soma theluthi mbili za chini. Shahidi msafi: njano. Shahidi mwenye dawa: zambarau kama tunda lenyewe. Kipimo kimesimama. Mmoja wao angekosea, usingesoma tyubu nyingine hata moja.

Namba moja njano. Namba mbili, yule wa tone la ukutani, njano. Namba nne... tazameni, juu zambarau, chini inaelekea njano lakini imechafuka. Hii usiilazimishe. Andika "ya mashaka", rudia. Namba tatu zambarau mpaka kitakoni.

Sasa tumtafute aliyemzuia bakteria. Namba tatu tunaigawa mara tatu. Fungu la kwanza libaki bichi. La pili lipashe nyuzi 80 kwa dakika kumi, lipoze. La tatu lipashe vile vile, lipoze kabisa, ndipo utie matone ya penisilinazi, kimeng'enya kinachovunja penisilini, kwa kipimo cha karatasi yake. Usikitie kwenye maziwa ya moto, utakiua chenyewe. Kisha tyubu mpya, mashahidi wapya, saa tatu nyingine.

Likipashwa likawa njano, hiyo haikuwa dawa. Maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, na maziwa ya mwanzo baada ya kuzaa, yana kinga zake za asili zinazoua bakteria, na joto huziharibu. Likipashwa likabaki zambarau, ila lenye kimeng'enya likawa njano, ni jamii ya penisilini. Yote matatu yakibaki zambarau, fikiria dawa nyingine kama tetrasiklini au sulfa, au rudi ukanuse ile chupa. Kloksasilini ya kuingiza kwenye chuchu, nayo ni jamii ya penisilini, ni mbishi kwa kimeng'enya, kwa hiyo muulize mfugaji alitumia nini kabla hujaandika jina.

Nakata hapa, ninyi mnaruka, sisi tunakaa bila feni.

Tumerudi. Bichi: zambarau. Lililopashwa: zambarau. Lenye kimeng'enya: njano. Penisilini. Na namba nne, kwa tyubu mpya, imekuja njano safi.

Tyubu zilizotumika ziloweke kwenye klorini usiku kucha, mbali na chupa za sampuli. Chupa A na B zinafuata huko huko, mashahidi wa kesho wanatengenezwa kesho. Dumu namba tatu halirudi kwa mwenye mtindi, wala halichanganywi na mengine ili lipungue makali.

Dumu hilo lilijazwa na wafugaji watano. Zile chupa ndogo hizi hapa, zimetoka kwenye friji sasa hivi, namba ziko ubavuni. Tyubu tano, mashahidi wawili, na huyo anayenyoosha mkono kwenye swichi ya feni namwona.