Mfuko Unaoza, Lakini Unaoza Wapi?
Mhadhara uliotolewa Jambiani, Unguja

Assalaam alaykum. Kina mama wenye mashimo ya makumbi hapo pwani, leo wataalamu ni nyinyi. Mimi nitaeleza tu kinachoendelea mkishayafukia.

Bakteria hana mdomo. Kinachopenya utando wake ni kitu kidogo kama sukari. Pektini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za kumbi, ni molekuli ndefu mno, haipiti. Basi bakteria hutoa vimeng'enya nje ya mwili wake, navyo huikatakata pektini mpaka vipande vitoshe kuingia. Mkifukua baada ya miezi, kumbi limelainika lakini uzi ni mzima, kwa sababu uzi una lignini nyingi, ile inayoupa mti ugumu, na kimeng'enya cha pektini hakiiwezi lignini.

Kula kwa namna hii kuna hasara zake, na hapa ndipo mimi huvutiwa zaidi. Kimeng'enya kikishatoka kinaweza kuchukuliwa na maji, na jirani ambaye hakutoa chochote naye akaja kula. Ndiyo maana bakteria wengi hung'ang'ania juu ya chakula chenyewe na kujifunika ute, walichokikata kisiende mbali.

Tuje kwenye plastiki. Tangu Zanzibar ipige marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, tunaletewa mbadala "unaooza". Lakini kuna mbadala na mbadala.

Iko PHB, plastiki inayotengenezwa na bakteria wenyewe, aliyoieleza Mfaransa Maurice Lemoigne mwaka 1926 kutoka kwa Bacillus megaterium. Bakteria huiweka ndani kama sisi tunavyoweka mafuta mwilini. Kwa kuwa ni akiba yao wenyewe, wapo wengi, udongoni na baharini, wanaojua kuila. Kimeng'enya chake aghalabu kina sehemu mbili: moja hushika uso wa plastiki, nyingine hutumia maji kukata vifungo vya esta, vile vinavyounganisha minyororo mirefu ya plastiki. Huanza pale minyororo ilipokaa ovyo. Palipojipanga kifuwele, yaani kwa safu zilizobanana, huchelewa. Vipande vikishaliwa, huishia kuwa maji na kaboni dioksidi, na kwenye matope yasiyo na oksijeni hutoka gesi ya metani pia.

Halafu iko PLA, plastiki ya sukari ya mahindi au miwa. Vikombe vingi vya baridi vinavyong'aa kama kioo ndiyo hiyo. Chini ya nyuzi joto 60 hivi minyororo yake imekakamaa, na kimeng'enya hakipati pa kuanzia. Katika marundo ya mboji ya viwandani, yenye joto la karibu nyuzi hizo, maji huikata kwanza, kisha vijidudu humalizia. Bahari yetu haifiki hata karibu na joto hilo. Kikombe hicho kikitupwa hapa kitakaa miaka.

Bibi mmoja kaniuliza kabla hatujaanza: tukivizika pamoja na makumbi je? Bibi, cha PHB huenda kikaliwa. Cha PLA utakichambua kwenye nyuzi zako, kazi juu ya kazi.

Na ile mifuko ya polithini ya kawaida iliyochanganywa na wanga? Amilasi za vijidudu, yaani vimeng'enya vya wanga, hula wanga, mfuko ukamomonyoka, polithini ikabaki vipande vidogo mchangani. Huo mimi siuhesabu kuwa unaoza, hata ukiandikwa kwa herufi za kijani. Haya, maswali.