Fidia hupotelea kituo cha polisi: mwathiriwa wa jinai katika mahakama za Indonesia

Ndugu wasikilizaji, nianze na bahasha. Ndani yake mna risiti za zahanati, nauli za bodaboda kwenda kutoa maelezo polisi na kurudi, na barua ya mwajiri yenye siku zilizokatwa mshahara. Risiti za mashine hufifia wino baada ya miezi michache, kwa hiyo zitolewe nakala siku hiyohiyo. Nchini Indonesia, bahasha hiyo ikikosekana, mtu huondoka mahakamani ameshinda kesi na mkono mtupu.

Kwa zaidi ya miaka 40 kesi za jinai ziliendeshwa kwa KUHAP, sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ya mwaka 1981. Vifungu vya 98 hadi 101 vilimruhusu mwathiriwa kuunganisha dai lake na kesi ya jinai, ila alirudishiwa gharama alizokwisha kuzitoa tu. Hofu, maumivu, masomo yaliyokatika, yote hayo akayadai kando, katika kesi ya madai. Tena alipaswa kuwahi: mwendesha mashitaka akishawasilisha ombi lake la adhabu, amechelewa.

Sheria Na. 13 ya 2006 ikaunda LPSK, taasisi ya kulinda mashahidi na waathiriwa, na marekebisho ya 2014 yakaipanulia kazi. LPSK ndiyo hukokotoa hasara na kuikabidhi kwa maandishi. Hapa tutenganishe mambo mawili: restitusi hulipwa na mkosaji au mtu wa tatu, kompensasi hulipwa na serikali. Majaji wenyewe wamewahi kuyachanganya. Februari 2022, Mahakama ya Wilaya ya Bandung ilimfunga maisha mwalimu wa shule ya bweni ya dini aliyewabaka wanafunzi 13, kisha ikaitwisha wizara ya wanawake na watoto fidia ya rupia zaidi ya milioni 331. Wizara haikuwa mshtakiwa! Aprili, mahakama ya rufaa ikamrudishia mkosaji mzigo wake na kumhukumu kifo. Ilikuwa sahihi kisheria. Lakini deni la mtu anayesubiri kuuawa litalipwa na nini, kama mali zake hazikushikwa mapema?

Ndiyo maana nakipa uzito mkubwa kifungu cha 31 cha Sheria Na. 12 ya 2022 kuhusu ukatili wa kingono. Kinamruhusu mpelelezi kushikilia mali ya mtuhumiwa kama dhamana ya restitusi. Mpelelezi asipofanya hivyo wiki za mwanzo, pikipiki huuzwa, shamba huandikwa jina la shemeji. Na msikubali neno la "tuyamalize nyumbani": sheria hiyo inakataza kumaliza kesi nje ya mahakama, isipokuwa mkosaji akiwa mtoto.

Kuhusu ushahidi katika kesi hizo za ukatili wa kingono, maelezo ya mwathiriwa pamoja na ushahidi mwingine mmoja halali, mfano ripoti ya daktari, yanatosha jaji akiridhika. Jaji haruhusiwi kumwuliza mwathiriwa historia yake ya mapenzi kama hoja ya kumwachia mshtakiwa. Mahakama ya Juu ililiandikia hilo kanuni mwaka 2017. Wakili akianza kuuliza hivyo, mwendesha mashitaka apinge papo hapo, kwa sababu swali likishajibiwa jeraha limeshafunguliwa.

Aliyesahau kudai kabla ya hukumu bado ana njia. Kanuni Na. 1 ya 2022 ya Mahakama ya Juu inampa siku 90 tangu ajue kwamba hukumu imekuwa ya mwisho, na mahakama ina siku 21 za kuamua tangu kikao cha kwanza.

Baada ya hapo, katika kesi za ukatili wa kingono, mkosaji ana siku 30 za kulipa. Asipolipa, mwendesha mashitaka hunadi mali iliyoshikwa. Siku hizo huhesabiwa tangu nakala ya hukumu ipokewe. Nakala ikilala masjala, hata siku moja haijahesabiwa, hivyo anayemsindikiza mwathiriwa aende kuiulizia kila wiki, na aandike tarehe na jina la karani aliyemjibu.